Nafasi ya Délice

Uvira, Mulongwe, 2 Machi 2025

Délice mwanangu,

Barua hii anakuletea Mama Nyandwi, ule mwenye kuuza samaki wa ndagala Bujumbura. Anasema kuko katekista anaingia mu kambi yenu ya wakimbizi kila juma mbili, atamupa yeye. Ukiipata, uandike jibu ku karatasi. Usitume maneno ya mudomo, juu Mama Nyandwi hashiki kitu mu kichwa isipokuwa bei ya soko.

Minye niko muzima. Siku ile ya masasi ya bunduki nilikuwa Luberizi, tulikuwa tunavuna mupunga. Watu wa barabara ndio walituambia Uvira imewaka. Nilishuka kwa miguu, wakatuzuia siku mbili njiani. Kufika nyumbani, mulango wazi, sufuria bado iko juu ya mbabula, na weye hauko. Siku nane sikujua kama uko muzima. Halafu mama mumoja wa kwaya yenu akarudi, akaniambia mulivuka mupaka wa Kavimvira pamoja, mukaingia Burundi.

Simu yako niliipata chini ya godoro. Ni haraka ya namna gani, mpaka muntu anasahau simu! Ndani mwalimu wako wa algèbre ameandika mara mbili: «Délice, kazi ya nne haijafika. Mwanafunzi akikosa kazi mbili zinazofuatana, jina lake linaondolewa.» Nilisoma maneno ile, nikakaa ku godoro. Unakumbuka ni watu wangapi waliomba kusoma ile masomo ya mutandao, na weye wakakuchagua. Na mwaka huu ndio wa sita, na Examen d'État, mutihani wa serikali wa kumaliza shule, inakuja.

Basi usiogope. Nafasi yako nitaichunga minye. Shule nilifika mwaka wa nne wa sekondari, mpaka nilipobeba mimba yako, na hesabu ndiyo kitu kimoja ambacho masista hawakunipigia. Nitachukua daftari zako, nitatuma kazi kwa jina lako mpaka urudi. Ni juma moja, labda mbili.

Kula. Usilale chini bila kutandika kitenge.

Mama yako,
Gloriose


Uvira, 9 Machi 2025

Mwalimu Sévère,

Naomba unisamehe kwa kuchelewa. Huku kwetu kulikuwa vita, na rezo ya simu ilikatika. Ninatuma picha ya kazi ya nne. Ile ya x³ − 6x² + 11x − 6 nimeigawanya kwa njia ya Horner, nikapata mizizi mitatu: 1, 2 na 3. Nimejaribu kila mmoja mara mbili.

Tafadhali usiondoe jina langu.

Mwanafunzi wako,
Délice Nizigama


Kalemie, 11 Machi 2025

Délice,

Pole kwa yaliyowapata. Jina lako lipo.

Kazi yote ni sahihi. Lakini Horner yako umeipanga kwa mistari mitatu, na salio umelichorea kisanduku, kama tulivyofundishwa sisi wa zamani. Ni nani aliyekufundisha hivyo? Sikulaumu. Nilipoona kile kisanduku nilijihisi kama nimekutana na mtu wa darasa langu.

Kiswahili changu kisikushangaze, nililelewa Kigoma. Na ukikwama usinipigie simu, sipokei. Andika. Nitakujibu siku hiyohiyo au kesho yake.

Sévère


Kambini, 30 Machi 2025

Mama mupendwa,

Barua yako imefika, imelowana kidogo lakini nimesoma yote. Niko muzima. Tunalala mu hema moja wanawake kumi na moja. Chakula iko, si mingi. Asubuhi ninafundisha watoto wadogo kuhesabu chini ya hema kubwa. Wanafika sitini, na daftari hakuna, tunahesabu kwa mawe.

Mama, ile mambo ya algèbre, uache. Ninakuomba kweli. Usijichokeshe juu yangu. Mwalimu atajua ni vita.

Sijui siku ya kurudi. Wanasema njia haijakuwa nzuri.

Mutoto wako,
Délice


Uvira, 6 Aprili 2025

Délice wangu,

Unaniambia niache. Ninakujua: unanihurumia. Tangu utoto ulikuwa hivyo, ukiumwa unasema hauumwi.

Siachi. Kila siku saa sita, jua likiwa kali na watu wameingia mu manyumba, ninapanda ku kilima cha parokia, pale rezo iko nzuri. Ninafungua somo, ninakaa ku ngazi ya kanisa na daftari mu magoti. Kuko wakati ninakaa mpaka kivuli kinanipita. Hakuna muntu ananiita. Zamani nilikuwa nasikia kuchoka watu wakiniita kila saa, Mama Délice, Mama Délice. Sasa mutaa umebaki na nyumba tatu zenye watu. Jana nilimusalimia muntu wa kuuza makala ya kupikia, nikasikia sauti yangu mwenyewe imekauka. Tangu asubuhi ya juzi sikuwa nimesema neno.

Mwalimu wako ana majivuno kidogo: eti tusimupigie simu. Lakini anaeleza vizuri.

Mama


Uvira, 14 Aprili 2025

Mwalimu Sévère,

Ninatuma kazi ya sita, lakini nina ugomvi na somo lenyewe. Umetupa x² − 4x + 13 = 0. Nimetafuta delta, yaani b² − 4ac, nimepata −36. Minye nilifundishwa hivi: delta ikiwa chini ya sifuri, jibu hakuna. Tunaandika hakuna jibu, tunapiga mustari, tunafunga daftari. Leo unaniambia kuko majibu mawili, 2 + 3i na 2 − 3i. Sasa ile miaka yote tulikuwa tunadanganywa?

Nimefanya kama ulivyoonyesha. Nimeweka 2 + 3i ndani ya équation na ikatoka sifuri kweli. Nilirudia mara nne. Nilikasirika, halafu nikacheka peke yangu ku ngazi ya kanisa, mpaka padri akachungulia.

Délice Nizigama


Kalemie, 15 Aprili 2025

Délice,

Hukudanganywa. Aliyekufundisha alisema kweli: jibu halikuwepo ndani ya namba ulizokuwa unazijua. Angesubiri mwaka mmoja tu, angekuonyesha zilizobaki.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na ni lazima nikuambie jambo. Mimi nilikuwa nimekukatia tamaa. Kazi zako tatu za mwanzo zilikuwa za mwenzako Chadrack, mstari kwa mstari, hata makosa yake uliyabeba. Nilipokuuliza mwezi wa Desemba, ulinijibu kwa ukweli ambao sijausahau: kwamba hesabu zinakuumiza, hujawahi kuzipenda hata siku moja, na unasoma kwa sababu mama yako ndiye anayetaka. Nilikupa nafasi ya mwisho kwa huruma tu.

Sasa naona mtu anayegombana na delta. Sijui ni vita vilivyokubadilisha au ni nini. Mwambie mama yako alikuwa na haki.

Sévère


Uvira, 20 Aprili 2025, siku ya Pasaka

Délice,

Nimejua. Chadrack alikuandikia kazi zote tatu. Mwalimu ameniambia bila kujua anamwambia nani. Nilitafuta mu simu ile maneno ya mwezi wa kumi na mbili, sikuyaona. Uliyafuta.

Uliniambia umepata themanini juu ya mia. Nilienda mu kanisa nikatoa shukrani mbele ya watu. Weye ulikuwa umeketi kando yangu na ukaimba.

Minye nilikaa mu maji ya mupunga mpaka magoti miaka kumi na mbili ili weye ufike pale minye nilikatiwa. Kama haukutaka, ulikuwa na mudomo. Unaweza kufundisha watoto sitini, lakini mama yako mumoja ulishindwa kumwambia neno moja.

Kama ni hivyo, baki huko. Sikuchungii tena kitu.

Gloriose


Uvira, 25 Mei 2025

Délice,

Mama Nyandwi amevuka mara tatu na kurudi bila kitu. Anasema katekista aliweka barua yangu mu mukono wako mwenyewe, na ukaisoma mbele yake.

Mvua imeleta mawe mu njia, lakini maji ya muto Mulongwe hayakufika mu nyumba. Mupunga uko sawa. Ninakula.

Andika hata neno moja. Hata kama ni baya.

Mama


Kalemie, 8 Juni 2025

Délice,

Umemaliza kazi nane, na ya nane ndiyo nzuri kuliko zote. Umebakiza mtihani wa mwisho tu. Utaufanya kwa saa mbili, siku unayotaka kabla ya tarehe 30. Ukimaliza, jipige picha ukiwa umeshika karatasi zako na kadi ya mwanafunzi kando ya uso, ili wakubwa wangu wajue aliyefanya ni mwenye jina. Wakipata picha hiyo watatia sahihi cheti, nacho kitakusaidia popote utakapoomba kuendelea.

Ninaungoja mtihani huu kuliko unavyoungoja wewe.

Sévère


Uvira, 10 Juni 2025

Mwalimu Sévère,

Siwezi kutuma picha. Kadi iko hapa mbele yangu, ya mutoto wa miaka kumi na nane mwenye mashavu. Minye niko na miaka makumi tatu na sita.

Jina langu ni Gloriose Akimana. Délice ni binti yangu wa pekee. Aliyekuandikia mwezi wa Desemba ni yeye. Aliyekuandikia tangu Machi ni minye. Délice alikimbilia Burundi siku ya masasi, na simu ilibaki. Nilitaka tu jina lake lisiondolewe. Kazi ya nne niliifanya kwa yale niliyoyakumbuka. Ya tano nilitumia daftari zake, zikaisha, juu kurasa za nyuma zilikuwa tupu, na sasa ninajua sababu yake. Ya sita mpaka ya nane ni masomo yako na kichwa changu, hakuna muntu mwingine.

Nilikudanganya miezi mitatu. Nilikuwa najiambia ni juu ya mutoto. Lakini mutoto alikuwa ameniomba niache, na sikuacha. Kisha nikamuandikia maneno makali, na hajanijibu mpaka leo. Kwa hiyo muntu mwenye kuniandikia mu dunia hii ni weye tu, na weye hauniandikii minye.

Ondoa jina. Ni haki yako. Nilitaka tu ulisikie kutoka kwangu.

Gloriose


Kalemie, 16 Juni 2025

Mama Gloriose,

Nimekaa siku sita bila kukujibu, mimi niliyekuahidi jibu la kesho yake. Unisamehe. Siku ya kwanza nilikasirika. Siku tano zilizobaki nilizisoma upya barua zako tangu Machi, nikijua sasa ni za nani, na nikaona haya kwa jinsi nilivyokupigia hotuba juu ya mama yako.

Na mimi nina ya kukuambia. Shirika lililoanzisha masomo haya lilifunga kazi mwisho wa Aprili. Tulianza na wanafunzi thelathini na mmoja. Vita na uchovu vikawaondoa mmoja mmoja, Chadrack pia, mpaka akabaki Délice wa Uvira. Somo la saba na la nane hayakuwa mahali popote. Niliyaandika kwa ajili yako peke yako. Wakubwa walikubali kutia sahihi cheti kimoja cha mwisho, kisha wafunge kabisa. Sasa hawawezi. Délice hakusoma, na Gloriose hakuandikishwa. Nimewaandikia ukweli, na wamejibu kama nilivyotarajia. Cheti hakipo, Mama. Natamani ningekuwa na habari nyingine.

Kuhusu simu: masikio yangu yalikufa miaka sita iliyopita baada ya homa. Nilikuwa mwalimu wa darasa, miaka ishirini na miwili. Mwalimu asiyesikia swali hawezi kusimama mbele ya watoto, kwa hiyo nilibaki na hiki chumba na kuandika. Nilipokuwa nikiona ujumbe wa Uvira umeingia, niliacha hata chakula.

Examen d'État inawapokea wanaojisomea wenyewe, wanaitwa autodidactes. Uandikishaji ni mwaka mpya wa shule ukikaribia kuanza. Ukitaka, tutaendelea, bila shirika na bila cheti. Ukichoka, nitaelewa.

Sévère


Kambini, 2 Julai 2025

Mama,

Uliandika nibaki huku. Nikabaki. Lakini si hasira iliyonifunga mukono.

Simu sikuisahau. Niliiacha. Siku ile tulikuwa mu kwaya, masasi yakaanza, nikakimbia nyumbani kukuchukua. Nikakumbuka uko Luberizi. Nilikuwa na simu mu mukono. Nilisema: simu ikipotea, algèbre imepotea, na hakuna muntu atanilaumu, atalaumu vita. Nikaisukuma chini ya godoro. Na nilifurahi, Mama. Ku barabara watu walikuwa wanaanguka, na minye moyoni nilikuwa nafurahi kidogo. Miezi yote hii ninachukua karatasi nikuandikie, ninafika hapo, ninaipasua.

Halafu unaniandikia kwamba unapanda kilima na jua kuchunga kitu ambacho nilikitupa. Ningekuambia namna gani?

Minye ninapenda kufundisha watoto wadogo. Wale ambao hawajajua kwamba saba inafuata sita. Wamenipa darasa langu hapa, na mwezi wa tisa watatufundisha kazi ya ualimu. Ninataka kubaki kwa hiyo, si kwa sababu uliniambia.

Délice


Uvira, 13 Julai 2025

Mwanangu,

Ile neno «baki» nililiandika minye, na sina namna ya kulitoa mu karatasi. Nisamehe.

Na usijihukumu. Minye pia nilifurahi. Mwanzoni nilishika daftari zako ili nikae karibu na weye. Lakini ilifika siku mu mwezi wa tano, weye haujaniandikia, nilikuwa nashindana na somo la saba, na kushuka kilima nikagundua kwamba tangu asubuhi sikukufikiri hata mara moja. Nilisimama mu njia nikalia. Lakini kesho yake nikapanda tena.

Kuja unione, hata siku mbili. Sitakuuliza kitu.

Mama


Uvira, 24 Agosti 2025

Délice wangu,

Nimejua ulifika vizuri kambini, Mama Nyandwi ameniambia. Safari hii alikumbuka.

Siku tatu ulizokaa hapa kwetu ni kidogo. Ya kwanza ulilala. Ya pili tulikaa pamoja. Minye nilikuwa naongea juu ya mupunga kama mugeni mwenye kutafuta maneno, na weye unajibu «Ndiyo, Mama» kila mara. Nilianza kufikiri labda ingekuwa vizuri tubaki ku karatasi. Halafu siku ya tatu ukafungua daftari yangu ku meza na ukauliza, «Hii yote ni weye peke yako?» Nikasema ni minye. Ukageuza kurasa moja moja mpaka mwisho. Ukasema, «Mama, ungeniambia unaipenda, ningekupatia simu tangu siku ya kwanza.» Tulicheka mpaka ukashika tumbo. Tangu wakati ule ninajiuliza ni kwa nini sikukuambia. Nafikiri minye mwenyewe sikuwa najua.

Jana nilienda kujiandikisha kwa examen ya autodidactes. Mukarani akauliza, «Jina?» Nikajibu, «Mama Délice.» Akaniangalia juu ya miwani. «La kwako, mama.» Ilinichukua muda. Watu wa nyuma walikuwa wanasukuma.

Mwalimu Sévère amenitumia hesabu mpya za polynômes, na ya kwanza nimeikosa. Ameandika chini: «Rudia.» Hakuandika kitu kingine. Nitarudia.

Siku ile niliyokusindikiza Kavimvira nilikuona unapita kizuizi, ukageuka mara moja, kisha watu wakakufunika. Nilirudi kwa miguu kando ya ziwa, sikutaka kupanda pikipiki. Nyumbani nilikuta ku meza sahani zetu mbili za asubuhi. Yangu niliiosha. Ya kwako niliiacha mpaka kesho yake.

Mama yako,
Gloriose Akimana